Bibi Katharine Cook, Mwalimu wa Wakunga

Safari hii twamkumbuka Bibi Katharine Cook, aliyefanya kazi ng'ambo ya ziwa letu, kule Mengo, Uganda.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1863, jina lake Katharine Timpson, akasomea uuguzi. Mwaka 1896 aliondoka kwao pamoja na wamisionari wa C.M.S. Walipofika Mombasa walishika njia ndefu ya bara, na mwaka 1897 wakawasili Mengo. Katika msafara huo alikuwamo Daktari Albert Cook, nao walifunga ndoa mwaka 1900. Hospitali yao ilipigwa na radi mwaka 1902, ikateketea. Hawakukata tamaa, wakajenga nyingine.

Miaka ile malale yaliua watu wengi sana pande za ziwa, hata serikali ikaogopa kwamba watu wa Uganda wanapungua. Akina Cook walikuwa na desturi ya kuandika habari za wagonjwa wao kwa uangalifu. Waliona kwamba watoto wengi walizaliwa wafu, au walikufa wangali wachanga. Walidhani sababu kubwa ni kaswende. Wataalamu wa baadaye waliona kwamba hapo walizidisha, maana dalili za buba hufanana na zake. Lakini vifo vyenyewe vilikuwa vya kweli.

Basi baada ya Vita Kuu ya Kwanza Bibi Cook alianzisha shule ya wakunga Mengo. Wasichana wa Kiafrika walifundishwa usafi, kuwapima wajawazito na kuzalisha. Yeye na mumewe waliwaandikia kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Waliohitimu walipelekwa vijijini kutumika katika nyumba ndogo za uzazi. Bibi Cook alifariki mwaka 1938.

Leo kipimo ni hiki: kati ya watoto 1000 waliozaliwa hai, ni wangapi hufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja? Hapa Tanzania uchunguzi wa mwaka 1999 ulipata 99, na ule wa mwaka 2022 ukapata 33. Tumshukuru Mungu. Lakini hao 33 nao wana mama zao.

Sasa tujiulize sisi wa Murangi. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, akafa siku ya tatu kabla ya ubatizo, akazikwa kimya na akina mama, yumo katika kitabu gani? Mara nyingi hayumo katika chochote. Na asiyeandikwa, hakuna aulizaye kilichomwua, wala wa kumkinga mdogo wake atakayefuata.

Kwa hiyo twawasihi, ndugu zetu: mama mjamzito aende zahanati mapema, na kila mtoto atolewe taarifa, hata aliyeishi saa moja tu. Tusione haya kumtaja. Mungu amjua, nasi tumhesabu.