Bwana Speke na Maji Yachemkayo

John Hanning Speke alizaliwa Uingereza tarehe 4 Mei mwaka 1827. Shule hakuipenda sana. Alipenda mwitu, bunduki na wanyama. Alipopata miaka 17 aliingia katika jeshi la Bara Hindi, akakaa huko miaka 10. Kila alipopewa ruhusa alikwenda kupanda milima ya Himalaya, kuwinda na kuchora ramani, na huko ndiko alikojizoeza kutumia vyombo vya kupimia nchi.

Mwaka 1855 alikuwa pamoja na Bwana Richard Burton katika pwani ya Somali, karibu na Berbera. Usiku mmoja kambi yao ilishambuliwa. Speke akakamatwa, akafungwa kamba, akachomwa mikuki mara nyingi. Lakini akaponyoka, akakimbia mpaka ufukoni na damu ikimtoka. Mtu mwingine angaliona imetosha. Yeye, mara alipopona, alitamani kurudi Afrika.

Basi mwezi wa Juni mwaka 1857 Burton na Speke waliondoka Unguja kwenda bara, kutafuta ziwa kubwa lililosimuliwa na wafanyabiashara wa pwani. Pamoja nao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani alipokuwa mtoto, akapelekwa Bara Hindi, akajifunza Kihindustani huko. Speke hakujua Kiswahili vizuri, kwa hiyo maneno yake mengi yalipita katika kinywa cha Bombay.

Njia yao ilifuata bonde la mto Kingani, ambao watu huuita Ruvu, kisha ikapita chini ya milima ya Uluguru mpaka Duthumi. Kwa mbali milima ile yapendeza, vilele vyake vimefunikwa na mawingu. Lakini mabonde ya chini yalikuwa na mvua, matope na mbu. Wote wawili wakashikwa na homa kali, na Speke akazimia, hata mwenzake akaogopa ya kuwa akili zake zimedhurika. Walipopata nafuu wakaendelea hata Zungomero, mahali palipokutana misafara mingi, wakapumzika kabla ya kupanda milima ya Usagara.

Katika safari ndefu namna hii vyombo vya kupimia huharibika kimoja kimoja. Mwishoni Speke alibakiwa na themometa tu, na moja ilikuwa ile ya kawaida, itumiwayo kupima maji ya kuoga. Lakini kwa themometa na sufuria ya maji mtu aweza kujua amesimama juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Yawezekanaje?

Mji wa Morogoro u juu ya bahari kadiri ya mita 500, na kilele cha Lupanga, kinachousimamia mji huo, chapita mita 2,100. Pwani maji huchemka yafikapo digrii 100. Mjini Morogoro huchemka yafikapo 98 hivi, na juu ya Lupanga yapata 93 tu. Sababu ni hewa. Huko juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji kwa nguvu, basi mvuke hutoka upesi zaidi. Kwa kila mita 300 apandazo mtu, digrii moja hivi hupungua. Ndiyo maana maharage yapikwayo milimani hukawia kuiva kuliko yale ya pwani, ijapokuwa sufuria inatokota mbele ya macho ya mpishi.

Mpishi akiongeza kuni, je, maji yatazidi kuwa ya moto? La. Yatatokota kwa nguvu zaidi, na yatakauka upesi, lakini themometa haitapanda hata kidogo. Joto lote la kuni zile latumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Jambo hili lilichunguzwa na Joseph Black, mwalimu wa chuo cha Glasgow katika nchi ya Scotland, karibu miaka 100 kabla ya safari ya Speke. Yeye ndiye aliyefundisha ya kuwa wingi wa joto ni kitu kimoja, na ukali wake ni kitu kingine. Ukali huo ndio uitwao halijoto, na themometa hupima huo peke yake. Kikombe cha maji yachemkayo na pipa zima la maji yachemkayo vina halijoto moja. Lakini pipa lilihitaji kuni nyingi mno, nalo laweza kupasha moto nyumba nzima, hali kikombe hakiwezi. Tena cheche irukayo kutoka kwa nyundo ya mhunzi ina halijoto kupita maji ya sufuria mara nyingi, lakini ikimwangukia mtu mkononi humwuma kidogo tu, kwa kuwa ni ndogo mno. Maji ya sufuria yangembabua.

Hata hivyo, katika siku za Black wataalamu wengi walidhani joto ni kitu kama maji membamba, yapitayo kutoka mwili mpaka mwili. Speke alipokuwa bado kijana wa jeshi, James Joule wa Manchester alikoroga maji kwa mapanga yaliyozungushwa na vizito vinavyoshuka, akaona maji yamepata moto kwa kukorogwa tu. Kumbe ni mwendo! Chembe ndogo mno za kila kitu hazitulii kamwe. Jumla ya nguvu zilizomo ndani ya kitu kwa sababu ya chembe hizo huitwa nishati ya joto. Halijoto yaonyesha ukali wa mwendo wa chembe, moja kwa moja, si wingi wake. Na neno joto, wataalamu walitumiapo kwa uangalifu, ni nishati ile ikiwa njiani, yapita kutoka penye moto kwenda penye baridi.

Mwezi wa Februari mwaka 1858 wasafiri walifika Ujiji. Burton hakuweza kutembea, na Speke alikuwa na ugonjwa wa macho, hata ziwa Tanganyika hakuliona ila kama ukungu. Akachemsha maji, akasoma themometa yake, akahesabu ya kuwa ziwa li juu ya bahari futi 1,800. Hesabu hii haikuwa sahihi. Ziwa lile li juu futi 2,500 na zaidi. Lakini tazama udogo wa kosa lenyewe: themometa ilipotoka kwa kadiri isiyotimia digrii moja, na hiyo yatosha kuangusha ziwa zima futi 700.

Waliporudi Tabora, Burton alibaki, na Speke akaenda kaskazini na Bombay. Tarehe 3 Agosti mwaka 1858 akaliona ziwa kubwa mno, ambalo watu wa kandokando yake walilijua tangu mababu na kuliita Nyanza. Yeye akalipa jina la malkia wake, Victoria. Akachemsha maji tena, akapata futi 3,740. Leo twajua ni kadiri ya futi 3,720. Kwa themometa ya kuogea, hii ilikuwa bahati pia, si ustadi tu. Speke akaamini ya kuwa ziwa lililo juu hivyo ndilo chanzo cha Naili. Burton akakataa: urefu waonyesha ya kuwa maji yaweza kutelemka, hauonyeshi yatelemkia wapi. Hapo alisema kweli, na urafiki wao ukavunjika.

Mwaka 1860 Speke alirudi pamoja na James Grant, wakaanzia Bagamoyo na kupita Zungomero mara ya pili. Tarehe 28 Julai mwaka 1862, mahali palipo karibu na Jinja ya leo, akaona maji ya Nyanza yakitoka ziwani kwa maporomoko. Lakini hakuufuata mto hatua kwa hatua mpaka Misri, basi wengi hawakusadiki. Ikapangwa ajadiliane na Burton mbele ya wataalamu katika mji wa Bath, tarehe 16 Septemba mwaka 1864. Siku iliyotangulia alikwenda kuwinda, na alipokuwa akivuka ukuta mdogo wa mawe bunduki yake ikalia, ikampiga kifuani. Akafa, naye ana miaka 37. Waliochunguza kifo chake wakakata kuwa ni ajali.

Burton akashika neno lake ya kuwa Naili yatoka Tanganyika, na ya kuwa themometa ya Speke haiaminiki. Juu ya themometa ile alikuwa na haki, lakini juu ya mto alikosea. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walipiga makasia mpaka ncha ya kaskazini ya Tanganyika, wakaona mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Na mwaka 1875 Stanley aliizunguka Nyanza yote kwa mashua, akakuta mto mmoja tu utokao, pale pale Speke alipoonyesha.