Semmelweis: daktari aliyechunguza mikono ya wenzake

Kama uliwahi kuvuka kutoka Rubavu kwenda Goma wakati Ebola ilipoisumbua Kivu ya Kaskazini, kati ya 2018 na 2020, bila shaka unaikumbuka foleni ya kunawa mikono. Unatua mzigo, unanawa maji yanayonuka klorini, unapimwa joto la mwili, ndipo unapita. Wengi walinung'unika kwamba wanacheleweshwa sokoni, na mimi nilikuwa mmoja wao. Niliacha kunung'unika niliposoma maisha ya daktari aliyewalazimisha wenzake kunawa maji kama hayo mwaka 1847.

Aliitwa Ignaz Semmelweis. Alizaliwa Julai 1, 1818, huko Buda nchini Hungaria, baba yake akiwa mfanyabiashara wa vyakula. Alihitimu udaktari mjini Vienna, Austria, mwaka 1844, na mwaka 1846 akawa msaidizi wa profesa katika wodi ya wazazi ya Hospitali Kuu ya mji huo.

Hospitali hiyo ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Katika ya kwanza walifundishwa wanafunzi wa udaktari, na katika ya pili wakunga. Kina mama walipokelewa kwa zamu, leo wodi hii, kesho ile. Mwaka 1846 walikufa kina mama 459 kati ya 4,010 waliojifungulia wodi ya kwanza. Wodi ya pili walikufa 105 kati ya 3,754. Muuaji mkubwa alikuwa homa ya uzazi.

Habari hizo zilizagaa mjini. Kina mama walipiga magoti wakiomba wasipelekwe kwa madaktari. Wengine waliona heri wajifungulie njiani, na jambo la kushangaza ni kwamba hao wa njiani waliugua wachache kuliko waliolazwa wodi ya kwanza.

Wakubwa wa hospitali walisingizia hewa mbaya na msongamano. Semmelweis hakuridhika, kwa sababu hewa ilikuwa ile ile na wodi ya wakunga ndiyo iliyojaa zaidi. Akaanza kulinganisha kazi za wodi hizo, moja baada ya nyingine. Wakunga waliwazalisha kina mama wakiwa wamelala ubavu, naye akaagiza hivyo hivyo, vifo havikupungua. Padri alipita wodi ya kwanza akipigiwa kengele, ikasemekana hofu ndiyo inayoua. Akaomba padri apite kimya kimya, vifo viliendelea.

Machi 1847 rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alichanjwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akafa. Semmelweis aliposoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wake, aliona dalili zile zile za kina mama wa wodini. Hapo ndipo alipoanza kuitazama ratiba ya kazi kwa jicho jipya. Asubuhi madaktari na wanafunzi walipasua maiti, kisha wakaenda wodini kuwapima wajawazito. Walinawa kwa sabuni, lakini harufu ya maiti ilibaki mikononi. Wakunga hawakupasua maiti. Naye alilazimika kukiri kwamba mikono yake mwenyewe ilikuwa miongoni mwa iliyoua.

Katikati ya Mei 1847 akaweka beseni la maji ya klorini na kuamuru kila anayeingia anawe. Dawa ya kwanza ilikuwa ghali, akahamia chokaa ya klorini iliyo rahisi. Aprili walikuwa wamekufa asilimia 18 ya kina mama. Juni walikufa asilimia 2. Oktoba walikufa tena 11 kati ya 12 waliopimwa baada ya mgonjwa mmoja wa saratani, akaagiza watu wanawe baada ya kila mgonjwa. Machi na Agosti 1848 hakufa hata mmoja katika wodi hiyo.

Lakini madaktari wengi walikasirika kuambiwa kwamba wao ndio wanaobeba kifo. Semmelweis naye alichelewa kuandika, na kitabu chake kilitoka mwaka 1861. Alipopingwa, aliwaandikia maprofesa barua za wazi akiwaita wauaji. Mwaka 1865 alipelekwa kwa hila katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akafa humo Agosti 13 kwa kidonda kilichooza, akiwa na miaka 47. Leo chuo kikuu cha tiba cha Budapest kina jina lake.

Mimi najifunza mawili. La kwanza, alipata jibu kwa kutazama kazi inavyofanyika tangu asubuhi, wakati wakubwa wake walitosheka na kubahatisha. La pili, amri peke yake haitoshi. Katika miaka ya 1990, hospitali kuu ya Geneva ilichunguza kwa nini wauguzi hawanawi, ikaona kwamba muda hautoshi kwenda kwenye sinki kila mara. Ikaweka dawa ya kupaka mikononi kando ya kitanda, na kati ya 1994 na 1997 usafi wa mikono ukapanda kutoka asilimia 48 hadi 66.

Basi siku ukimpeleka mkeo au dada yako kujifungua, upande wowote wa mpaka, tazama ndoo ya wodini. Kama haina maji, uliza kwa upole ni nani mwenye kazi ya kuijaza, na yanachotwa wapi.