Susanna Wesley: Zamu ya Kila Mtoto

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kumbukumbu la Torati 6:6, 7; 2 Timotheo 1:5.

Mungu amewaagiza wazazi kuwafundisha watoto wao Neno lake wakati wote, waketipo nyumbani na watembeapo njiani. Lakini mama mwenye watoto wengi anaweza kuuliza: muda huo niutoe wapi? Hapa Chemba mama huamka jogoo la kwanza. Maji yako mbali, shamba la uwele linamsubiri, na jioni kuna kuni, ugali na mtoto mwenye homa. Tumkumbuke leo mama mmoja aliyelibeba swali hilo miaka mingi.

Susanna Annesley alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1669, akiwa kitinda mimba wa mchungaji aliyekuwa na watoto 25. Mwaka 1688 aliolewa na Samuel Wesley, kasisi, na baadaye wakahamia kijiji cha Epworth. Alizaa watoto 19. Kumi tu ndio waliokua. Wengine aliwazika wakiwa wachanga.

Nyumba yao haikuwa na raha nyingi. Mumewe alikuwa mtu wa vitabu, asiyejua kutunza fedha, na mwaka 1705 alifungwa kwa sababu ya deni. Susanna, akiwa hana fedha, alimpelekea pete zake aziuze. Mumewe alizirudisha. Wakati mwingine walikosana vikali kuhusu kumwombea mfalme, hata mume akaondoka nyumbani kwa miezi kadhaa. Kisha Februari 1709 nyumba yao iliteketea usiku. Watoto walitolewa, lakini John, mwenye miaka mitano, alibaki ndani. Mtu mmoja alisimama juu ya mabega ya mwenzake akamtoa dirishani, muda mfupi kabla paa halijaanguka.

Katika hali hiyo Susanna alikuwa mwalimu wa watoto wake. Kila mtoto alipotimiza miaka mitano alianza kufundishwa herufi, na kitabu cha kwanza cha kusoma kilikuwa Biblia, kuanzia Mwanzo sura ya kwanza. Aliweka kanuni iliyowashangaza wengi wa zama zake: msichana asipewe kazi za mikono kabla hajajua kusoma vizuri.

Siku moja, baada ya moto ule, alisoma habari za wamisionari waliotumwa India na mfalme wa Denmark. Moyo wake uliwaka. Yeye hangeweza kwenda India. Akaamua kuanza na wale aliopewa. Kila jioni alitenga muda wa kukaa na mtoto mmoja peke yake, kuzungumza naye juu ya roho yake. Kila mmoja alikuwa na siku yake: Alhamisi ilikuwa ya John, Jumamosi ya Charles. Miaka mingi baadaye, John akiwa mtu mzima na msomi wa chuo kikuu, alimwandikia mama yake akimwomba amkumbuke bado katika saa ile ya Alhamisi.

Wakati huo huo, mumewe akiwa safarini London, Susanna alikuwa akiongoza ibada ya familia jikoni Jumapili jioni. Jirani mmoja akaomba kuja, kisha wengine, hata wakafika watu 200 na wengine wakarudi kwa kukosa nafasi. Msaidizi wa kasisi alilalamika, na mume akaandika kuonyesha wasiwasi wake. Susanna alijibu kwa heshima. Alimweleza matunda yaliyoonekana, na kwamba kama anataka ibada ikome, basi atoe amri iliyo wazi, ili siku ya hukumu lawama isiwe juu yake. Mume hakuizuia.

Susanna hakuona kila mtoto akipata furaha. Baadhi ya binti zake waliingia katika ndoa zenye machozi mengi. Alipofiwa na mume mwaka 1735 hakuwa na nyumba yake mwenyewe. Aliishi kwa watoto wake. Hata hivyo, John na Charles walipoitwa kwenda ng'ambo kuhubiri, hakuwazuia. Alifariki London mwezi Julai 1742, akiwa na miaka 73, na watoto wake walimwimbia Mungu zaburi ya sifa kama alivyowaomba.

Kutokana na kazi ya John na Charles kulitokea Kanisa la Methodisti. Katika kanisa hilo, zaidi ya miaka 80 baada ya kifo cha Susanna, alizaliwa na kulelewa Ellen Harmon, tunayemfahamu kama Dada Ellen White. Mama yule akiketi na mtoto mmoja Alhamisi jioni hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba leo ni zamu ya John.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni mtoto yupi nyumbani kwako ambaye hujazungumza naye peke yake juu ya Yesu kwa muda mrefu? Siku yake itakuwa ipi?

2. Je, wapo wasichana wa kanisa letu wanaokosa masomo kwa sababu ya kazi za nyumbani? Darasa letu lifanye nini?

3. Utamtia moyo namna gani mzazi aliyefundisha kwa uaminifu, lakini bado anamlilia mtoto wake?