Karl Pearson: kutoka fasihi ya Kijerumani hadi wastani wa tafiti

Katika fakulte yetu tunajulikana kwa kukimbia hesabu, na mimi nilikuwa mbele ya wakimbizi. Lakini kazi yangu ya kumaliza masomo ilinikamata. Nilikuwa nimekusanya kazi za wenzetu waliotangulia, zote zenye swali moja: mtoto wa shule ya msingi hujifunza kusoma vizuri zaidi akianza kwa Kiswahili au akianza kwa Kifaransa? Nyingine zilisema Kiswahili, nyingine Kifaransa, nyingine hazikuona tofauti yoyote. Nikachora alama pembeni ya daftari na kuzihesabu kama kura. Msimamizi wangu alipoona daftari lile alicheka, kisha akaniambia kwamba utafiti wa watoto ishirini na utafiti wa watoto mia nne haviwezi kuwa na kura moja moja. Akanituma nikasome juu ya meta-analisi, yaani njia ya kuunganisha matokeo ya tafiti nyingi kwa hesabu ili kupata jibu moja la pamoja. Huko ndiko nilikokutana na mtu huyu, na tangu hapo hajaniachia usingizi.

Alizaliwa London tarehe 27 Machi 1857, mtoto wa mwanasheria, akaitwa Carl, kwa herufi C. Mwaka 1879 alimaliza hisabati Cambridge akiwa wa tatu katika mtihani mkuu. Alikuwa mbishi tangu ujana: akiwa bado mwanafunzi alikataa masomo ya dini yaliyokuwa ya lazima, akapigana hadi lazima hiyo ikaondolewa.

Baada ya hapo alikwenda Ujerumani, Heidelberg na Berlin, na sehemu hii ya maisha yake ingetosha kumpa kiti katika fakulte yetu. Alisoma fizikia, falsafa na sheria, lakini moyo wake ulinaswa na Kijerumani cha karne za kati. Aliandika riwaya kwa jina la kujificha la Loki, akatunga tamthilia juu ya mateso ya Kristo, akachunguza michezo ya Pasaka ya Wajerumani wa zamani na hadithi ya kitambaa cha Veronika. Jina lake lenyewe liligeuka huko: Carl akawa Karl. Mwaka 1884 alipata uprofesa katika University College ya London, wa hisabati si wa fasihi. Na bado, kitabu chake cha 1892 juu ya misingi ya sayansi alikiita sarufi, Sarufi ya Sayansi. Miaka kumi baadaye kijana Einstein na marafiki zake walikisoma pamoja.

Hesabu za takwimu zilimfikia kupitia Francis Galton na rafiki yake Weldon, mtaalamu wa wanyama. Kwetu sisi watu wa lugha inatosha kujua chombo kimoja alichokinoa, uwiano. Ni namba inayoeleza vitu viwili vinavyofuatana kwa kiasi gani. Ikiwa sifuri, havijuani. Ikikaribia moja, kimoja kikipanda na kingine hupanda. Mwaka 1901 alianzisha na wenzake jarida la Biometrika, ambalo linatoka hadi leo.

Sasa tufike 1904. Jeshi la Uingereza lilikuwa limepoteza askari wengi kwa homa ya matumbo, ile tunayoiita tifoide, katika vita dhidi ya Makaburu huko Afrika Kusini. Daktari Almroth Wright alikuwa ametengeneza chanjo, na wakubwa walitaka kujua kama inafaa. Takwimu zilikuwepo, lakini zimetawanyika: wafanyakazi wa hospitali, askari waliozingirwa Ladysmith, vikosi mbalimbali, jeshi la India. Pearson alipewa zote. Kwa kila kundi alitafuta uwiano kati ya kuchanjwa na kuepuka ugonjwa, halafu akachukua wastani wa namba hizo. Kwa sababu hiyo wengi humhesabu kuwa wa kwanza kufanya kazi ambayo baadaye ingeitwa meta-analisi.

Kilichonishangaza ni alichofanya baada ya kupata wastani. Ulikuwa kama 0.23. Mtu mwingine angeandika kwamba chanjo inasaidia kidogo, akaenda kulala. Pearson alirudi kuzitazama namba moja moja. Ladysmith ilizidi 0.4, kundi jingine la vikosi lilikuwa karibu na sifuri kabisa. Ikiwa chanjo ni ileile, kwa nini zinatofautiana hivi? Tena askari walikuwa wamejitolea wenyewe kuchanjwa. Je, anayejitolea si yule anayejihadhari pia na maji machafu? Basi hakukubali chanjo ienezwe kwa ushahidi huo. Alishauri jaribio jipya: yaandikwe majina ya wote wanaojitolea, kisha achanjwe mmoja na kurukwa mmoja, ili wanaolinganishwa wawe watu wa namna moja. Wright alikasirika, wakagombana hadharani katika jarida la madaktari. Baadaye chanjo ilithibitika, na katika vita vya 1914 askari wengi wa Uingereza waliipata. Kwa hiyo mwelekeo wa wastani ule haukuwa wa uongo. Hata hivyo naona Pearson alikuwa na haki ya kuukatalia.

Laiti ningeweza kukomea hapa. Lakini katika miaka ileile, 1903 na 1904, alitoa kazi nyingine, na hii ilihusu shule. Aliwaomba walimu wa Uingereza wamwandikie habari za ndugu wa tumbo moja wanaosoma kwao: nani mchangamfu, nani ana haya, nani mwenye dhamiri, hasira yake ikoje, akili yake ikoje, hata mwandiko wake. Akalinganisha ndugu kwa ndugu. Uwiano ulitoka karibu nusu, 0.5, kwa karibu kila tabia. Na kwa urefu wa mwili na rangi ya macho, vilevile karibu nusu. Akahitimisha kwamba akili na tabia hurithiwa sawasawa na urefu, na kwamba shule na malezi haviwezi kubadili sana alichozaliwa nacho mtoto.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Yule mtu aliyewauliza askari kwa nini namba zao hazikubaliani hakuuliza kwa nini namba za watoto zinakubaliana mno. Ndugu wawili hulala nyumba moja na kula chungu kimoja. Mara nyingi mwalimu mmoja ndiye aliyewapima wote wawili, na kila mmoja wetu aliyewahi kukaa darasani baada ya kaka yake anajua mwalimu humwonaje mdogo anapoingia. Kasoro hizi hazikuhitaji hisabati yake kuonekana. Alichokosa ni hamu ya kuziona, maana jibu lilikuwa tayari moyoni.

Jibu hilo lilikuwa na jina, yujeniki, imani kwamba taifa liboreshwe kwa kuchagua nani azae. Tayari mwaka 1900, katika hotuba huko Newcastle, Pearson alikuwa ametetea mapambano ya mataifa na kuona ni sawa jamii aliyoiita duni iipishe iliyo bora. Msomaji wa hapa kwetu akumbuke nchi hii ilikuwa mikononi mwa nani mwaka ule. Mwaka 1911 alipewa kiti cha uprofesa wa yujeniki kilichoachwa na urithi wa Galton. Mwaka 1925, pamoja na Margaret Moul, alichapisha vipimo vya watoto wa Kiyahudi waliohamia London kutoka Polandi na Urusi, akahitimisha kwamba kwa wastani wao ni duni kwa wenyeji. Wastani tena! Safari hii hakurudi kuutilia shaka.

Alistaafu 1933, akakataa cheo cha heshima cha mfalme 1935, akafa tarehe 27 Aprili 1936. Neno meta-analisi lenyewe hakulisikia. Lilitungwa na Mmarekani Gene Glass mwaka 1976. Mwaka uliofuata yeye na Mary Lee Smith waliunganisha tafiti 375 juu ya tiba ya kisaikolojia, kisha wakageukia shule na idadi ya wanafunzi darasani. Mwaka 2020 chuo chake cha London kiliondoa jina la Pearson kwenye jengo lililokuwa likiitwa kwa jina lake. Uwiano wake haukuondoka. Umo katika kila programu ya takwimu, hata ile niliyofundishwa kutumia mwezi jana.

Daftari langu nimelichora upya. Kila kazi sasa ina mstari wake: idadi ya watoto, ukubwa wa tofauti iliyoonekana, shule ya mjini au ya kijijini. Nimeongeza safu ya nne, inayouliza ni nani aliyewapima watoto, na kama alijua mapema nani alianza kwa lugha gani. Kwa kazi tatu safu hiyo bado iko tupu, na waandishi wake wawili ninawafahamu. Jumatatu nitakwenda kuwauliza.