Mbaraka Mwinshehe, Kijana wa Morogoro

Katika sherehe zetu za Uhuru hapa Dallas, Fort Worth na Houston, watoto wakishacheza Bongo Fleva yao, wazazi hudai zilipendwa. Gitaa la Mbaraka Mwinshehe likilia, hata wenye magoti mabovu huinuka, na watoto hutoa simu kuturekodi huku wakicheka. Wanetu, huyo anayewainua wazazi wenu ni huyu.

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa Juni 27, 1944, akakulia Morogoro. Tanganyika ilipopata Uhuru, Desemba 9, 1961, alikuwa na miaka 17. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz, wapinzani wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah katika mji huohuo. Alipiga gitaa la solo, akatunga na kuimba, mpaka akapewa jina la Soloist National.  Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia ya Expo 70 mjini Osaka.

Mwaka 1973 alianzisha bendi yake, Super Volcano. Nyimbo zake zilivuka mpaka, na santuri ya Shida ikapendwa sana Kenya. Januari 1979, nchi yetu ikiwa katika vita na Idi Amin, ilikuja habari kwamba Mbaraka amefariki kwa ajali ya gari Mombasa. Alikuwa na miaka 34.

Wengi wetu tulikuwa wadogo, dansini hatukuruhusiwa. Tulimjua kwa Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye redio moja ya baba iliyosikilizwa na majirani wote. Kwa hiyo tukisikia gitaa lile, tunawakumbuka pia waliokaa kuizunguka redio ile. Wengi wao wametangulia mbele ya haki, na wengine tulishindwa kwenda kuwazika.

Lakini tusiwafanye watoto waamini kwamba Mbaraka alikuwa mzee. Aliimba mambo ya siku zake: mapenzi, shida za maisha, misiba ya taifa, akiwa na umri wa kaka na dada zao wanaosoma vyuo vya hapa Texas. Zilipendwa zilikuwa muziki mpya wa vijana wa nchi changa.

Watoto wetu wengi wanaijua midundo, maneno hawayaelewi. Tusipowaeleza sisi, hakuna mwingine wa kuwaeleza. Safari ya Dallas hadi Houston ni saa nne hivi. Tuwapigie wimbo mmoja, tuwafafanulie kila ubeti, tuwaambie tuliusikia wapi na tulikuwa na nani. Kisha tuwaombe watupigie wa kwao, nasi tusikilize mpaka mwisho.

Mungu amlaze Mbaraka mahali pema. Heri ya Uhuru kwenu nyote.