Imam Nawawi: Mtoto wa Duka la Nawa Aliyejua Kupanga Siku Yake



Ndugu msomaji, likizo ikifika wengi wetu tunapewa kazi ileile nyumbani: mdogo wako wa sekondari hashikiki, hebu mwangalie. Daftari la hesabu halionekani, sare haijafuliwa, sura alizohifadhi mwaka jana zimemtoka, na jioni nzima yuko kwenye simu. Likizo iliyopita nilimgombeza mdogo wangu wiki nzima, na wiki ya pili mambo yakawa vilevile. Niliporudi chuoni nikasoma maisha ya Imam Nawawi, Mwenyezi Mungu amrehemu, nikaona nilipokosea. Tunamjua kwa Arbaini na Riyadhus-Swalihin, lakini ujana wake hatuutazami sana.

Duka la baba

Yahya bin Sharaf alizaliwa mwezi wa Muharram mwaka 631 Hijria, sawa na 1233 Miladia, katika mji mdogo wa Nawa, eneo la Hauran, kusini mwa Dameski. Hakutoka katika nyumba ya wanazuoni. Baba yake, Sharaf, alikuwa na duka, na Yahya alipofika umri wa kusaidia alikaa dukani kama watoto wengine wa wafanyabiashara.

Alipokuwa na miaka kama kumi, alipita Nawa mcha Mungu mmoja aitwaye Shaykh Yasin bin Yusuf wa Marrakesh. Aliwaona watoto wakimlazimisha Yahya kucheza nao. Yahya aliwakimbia huku akilia, na katika hali hiyo alikuwa akisoma Qur'ani. Dukani nako, kuuza na kununua hakukumsahaulisha kisomo chake.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Shaykh Yasin hakuishia kumsifu mtoto na kwenda zake. Alimwendea mwalimu aliyekuwa akimfundisha Qur'ani, akamwusia amtazame vizuri, kwani alitarajia makubwa kutoka kwake. Mwalimu alishangaa, hata akamuuliza kama yeye ni mnajimu. Hata hivyo aliufikisha ujumbe kwa baba. Baba naye akalishika jambo hilo, akafuatilia kisomo cha mwanawe mpaka akakamilisha Qur'ani akiwa karibu na kubaleghe.

Yaani mpita njia alizungumza na mwalimu, mwalimu akazungumza na mzazi, na mzazi akafuatilia. Mtoto alikuwa na hamu tangu mwanzo, lakini hamu ile ilihitaji watu wazima watatu wanaosemezana ili ipate njia. Sisi mara nyingi tunamtaka kijana ajipange peke yake, na huku mwalimu wa skuli, ustadhi wa madrasa na mzazi wake hawajapata kukutana hata siku moja.

Masomo kumi na mawili

Mwaka 649 Hijria (1251), Yahya akiwa na miaka kama kumi na minane, baba yake alimpeleka Dameski. Alianza kwa Shaykh Tajuddin al-Fazari. Tatizo lilikuwa mahali pa kulala, jambo ambalo kila mwanafunzi wa chuo analielewa. Basi akahamia Madrasa ya Rawahiyya, kwa Shaykh Kamaluddin Is-haq al-Maghribi, akapewa chumba kidogo, na chakula chake kikawa mkate uliogawiwa wanafunzi wa madrasa.

Akiwa katika chumba hicho alihifadhi kitabu cha Tanbihi cha Abu Is-haq ash-Shirazi kwa miezi minne na nusu. Sehemu iliyobaki ya mwaka akahifadhi robo ya Muhadhab. Mwalimu wake alimpenda, akamfanya msaidizi wa kuwarudilia wenzake masomo.

Baadaye ratiba yake ikafika masomo kumi na mawili kwa siku mbele ya masheikh wake: mawili katika Wasit ya Imam Ghazali, na mengine katika Muhadhab, Hadithi, Sahihi Muslim, nahau, lugha, sarufi ya vitenzi, usuli ya fiqhi, majina ya wapokezi na itikadi. Kila somo aliliandikia maelezo: penye ugumu aliufafanua, penye neno geni alilirekebisha matamshi. Hata njiani, akitoka kwa sheikh huyu kwenda kwa yule, alikuwa akirudia aliyohifadhi.

Tusimbebeshe kijana wa miaka kumi na mitano mzigo huo. Imam mwenyewe alikula mara moja kwa siku na alilala kidogo mno, na Uislamu umetufundisha kwamba mwili una haki yake juu yetu. La kuchukua ni namna alivyopanga. Kila somo lilikuwa na kitabu chake, mwalimu wake, na maandishi yake yasiyoachwa mpaka kesho. Kijana mwenye masomo manane skuli anaweza kufanya hivyo hivyo akiwa amelala vizuri na ameshiba.

Kitabu kilichouzwa

Kisa ninachokipenda zaidi ni hiki. Siku moja Nawawi alipata hamu ya kusoma utabibu. Akanunua Qanuni ya Ibn Sina, akaazimia kuisoma. Zikapita siku kadhaa, moyo umemwingia giza, hawezi kufanya kazi yoyote. Akakaa akafikiri: hali hii imeanza lini, imeingilia wapi? Akagundua ni tangu kile kitabu kiingie chumbani. Akakiuza papo hapo, akatoa chumbani kila kilichohusu utabibu, na moyo wake ukarudi kama ulivyokuwa.

Ndugu zetu wa kitivo cha udaktari wasikasirike! Utabibu ni elimu tukufu na umma unauhitaji. Lakini yeye alikuwa na masomo kumi na mawili, na la kumi na tatu liliyavuruga yote. Wala hakujilaumu kuwa ni mvivu. Alitafuta chanzo, akakiondoa. Mdogo wangu mimi nilimwita mvivu mara nyingi. Sikuwahi kukaa naye tukatafuta ni kitu gani hasa kiliingia chumbani kwake na lini.

Mpaka siku ya mwisho

Matunda ya mpango ule tunayala hadi leo. Mwaka 665 Hijria alikabidhiwa Darul-Hadith al-Ashrafiyya ya Dameski, akafundisha hapo mpaka mwisho wa maisha yake bila kuchukua mshahara wake. Aliandika Minhaj, ambayo wanafunzi wa Kishafi wa pwani yetu ya Afrika Mashariki wameisoma kizazi baada ya kizazi. Aliandika sherehe ya Sahihi Muslim, na akaanza Majmu', ambayo mauti yalimkuta hajaimaliza. Alimkabili hata Sultani Baybars kwa nasaha pale alipoona raia wanadhulumiwa mali zao. Hakuoa, na umri wake wote haukufika miaka arobaini na sita.

Alipohisi safari imekaribia, mwaka 676 Hijria (1277), alirudisha vitabu vyote vya waqfu alivyokuwa ameazima. Akayazuru makaburi ya masheikh wake, akawaombea dua na akalia. Akawatembelea rafiki zake walio hai, akawaaga. Akaenda kuzuru Baitul-Maqdis, kisha akarejea Nawa. Akaugua, akafariki usiku wa tarehe 24 Rajab katika nyumba ya baba yake, mwenye duka, aliyekuwa bado hai.

Tazama jinsi alivyoondoka: haachi kitabu cha watu chumbani. Kwa Imam Nawawi, kupanga mambo kulikuwa sehemu ya kutekeleza amana. Wakati ni amana, kitabu cha kuazima ni amana, na mtoto aliyewekwa mbele yetu ni amana pia.

Likizo hii, inshaallah, sitaanza na kelele. Nitamwendea ustadhi wa madrasa ya mtaani kwetu, kisha nikae na mama. Baada ya hapo nitakaa na mdogo wangu, tuchague saa moja ya kila jioni, kila somo na daftari lake. Na tutatafuta pamoja Qanuni yake ni ipi. Huenda ni simu, huenda ni rafiki, huenda ni huzuni ambayo hajamwambia mtu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imam Nawawi, na atujaalie tuwe kwa wadogo zetu kama Shaykh Yasin alivyokuwa kwa mtoto wa Nawa. Amin.

Wabillahi tawfiq.