Fundi wa Bastola Isiyochoka

Baba yangu ni fundi wa jua kali. Amenifunza kupima kazi ya mtu kwa jinsi inavyodumu. Ndiyo maana mwaka huu nimemchagua John Moses Browning.

Browning alizaliwa mwaka wa 1855 mjini Ogden, Utah, nchini Marekani. Baba yake alikuwa fundi wa bunduki, na maji hufuata mkondo. Akiwa mvulana tu, John aliunda bunduki yake ya kwanza kwa vyuma chakavu vya karakanani. Mwaka wa 1879 alipata hataza ya kwanza. Mwisho wa maisha yake zilikuwa 128!

Mtihani mkubwa ulikuja Machi 1911. Jeshi la Marekani lilitaka bastola mpya na zilizobaki mashindanoni ni mbili: ya Browning, iliyotengenezwa na kampuni ya Colt, na ya kampuni ya Savage. Kila moja ilifyatua risasi 6,000. Ikipata moto sana, inatumbukizwa majini, kisha kazi inaendelea. Ile ya Savage ilileta matatizo mara 37. Ya Browning je? Hata mara moja! Basi jeshi likaichukua, ikawa bastola yake rasmi hadi mwaka wa 1985. Fundi mwenyewe alikuwa amekufa kitambo, mwaka wa 1926, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa kazini huko Ubelgiji.

Hapo nilitaka kumaliza kwa sifa. Lakini wapi! Kumbe bastola aliyoitumia Gavrilo Princip kumuua Franz Ferdinand na mkewe mjini Sarajevo, tarehe 28 Juni 1914, ilibuniwa na Browning huyu huyu. Vita Kuu vikazuka, vikafika hata kwetu. Wazee wetu wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi na hawakurudi. Jina la Kariokor, Nairobi, latukumbusha hao.

Sisemi Browning ndiye aliyeleta vita, la hasha. Vita vile vilikuwa na sababu nyingi. Ninachosema ni kwamba kitu kinachodumu hudumu pamoja na kazi yake. Jembe imara hulisha hata wajukuu. Bastola imara nayo hufika katika mikono ambayo fundi wake hakuijua kamwe.

Baba, kipimo chako ni kizuri, lakini mimi nimekiongezea swali moja: kidumu kikifanya nini?